Lubumbashi hadi Lusaka na timu ya taifa ya kandanda ya viziwi: safari siku kwa siku

Maelezo haya yameandikwa baada ya msafara kurudi Lubumbashi, kutoka kwenye daftari la mkuu wa msafara, risiti na picha za simu. Walikwenda Lusaka, Zambia, kwenye mashindano ya kandanda ya viziwi, watu 23: wachezaji 18, makocha wawili, mkalimani, muuguzi na mkuu wa msafara. Yanawalenga wale watakaopeleka timu ya viziwi ng'ambo ya Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, wawe wa Likasi, Kolwezi au Bukavu. Bei ni zile zilizolipwa safari hii, na zitapanda au kushuka. Lakini mpangilio mmoja utabaki vilevile: safari ya viziwi inapangwa kwa ajili ya macho. Taa, kiti, mlango, orodha, kibendera, vyote vinawekwa mahali vinapoonekana. Mahali tulipozingatia hilo, mambo yalikwenda sawa.

Wiki za kabla: masikio na makaratasi

Kazi ya kwanza ni audiogramu, karatasi ya kipimo cha usikivu. Waandaaji walifuata kanuni ya Kamati ya Kimataifa ya Michezo ya Viziwi, ICSD: mchezaji lazima awe amepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 katika sikio lake lililo bora. Hesabu inatumia sauti tatu, za hezi 500, 1,000 na 2,000. Unajumlisha, unagawa kwa tatu. Mwenye 60, 70 na 75 ana jumla ya 205, wastani wake 68.3, anacheza. Mwenye 45, 55 na 60 ana 160, wastani 53.3, hachezi, hata kama sikio lake la pili ni ziwi kabisa na mtaani wote wanamjua kama kiziwi. Ni vizuri kocha aijue hesabu hii mwenyewe na kuifanya kabla ya kutangaza majina. Kumwondoa kijana kwenye orodha baada ya familia kuchanga pesa za pasipoti kunaumiza sana.

Kipimo kinaharibika kwa njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni nta. Sikio lililoziba kwa nta linaonyesha uziwi mkubwa kuliko uliopo, na siku nta ikitolewa namba zinashuka. Kwa hiyo muuguzi aangalie masikio kwanza, asafishe, ndipo kipimo kifanyike. Ya pili ni kelele. Umeme ukikatika Lubumbashi, jenereta zinawashwa, na mngurumo wa jenereta ni sauti nzito ya chini inayofunika toni ya 500. Mchezaji anashindwa kusikia toni ambayo kwenye ukimya angeisikia. Karatasi inaonyesha 58, lakini kwenye chumba kizuri ingekuwa 50. Zahanati moja ilipima vijana wanne jenereta ikiwa nyuma ya ukuta. Vipimo vyote vinne vilirudiwa kwingine, alfajiri, mtaa ukiwa kimya. Njia ya tatu ni mashine isiyorekebishwa. Omba kuona tarehe ya marekebisho yake ya mwisho. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka, tafuta nyingine.

Msisahau kipimo cha kupitia mfupa, kile ambacho kifaa kinawekwa nyuma ya sikio. Wapimaji wengine wanafanya cha hewa peke yake, yaani cha vipokea sauti vya masikioni, na karatasi inarudishwa kwa sababu haijakamilika.

Baada ya masikio ni pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na ordre de mission, barua rasmi ya safari, yenye majina yote. Wachezaji wawili walikuwa hawajafika miaka 18, wakahitaji ruhusa ya wazazi iliyothibitishwa kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Basi lilihitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari. Kwenye mkoba wa mkuu wa msafara kadi hizo mbili za njano zikae bahasha tofauti, maana mpakani mmoja anaomba ya watu na mwingine anaomba ya gari, na wote wanasema tu "kadi ya njano".

Jezi, mipira na vibendera viliorodheshwa kwa idadi, karatasi ikapigwa muhuri kwenye forodha wakati wa kutoka. Bila orodha hiyo, mnaporudi mipira yenu wenyewe inaweza kuhesabiwa kama bidhaa mlizonunua.

Siku ya 1, Jumatano: Lubumbashi, Kasumbalesa, Kitwe

Basi ni Coaster lililokodiwa kwa dola 1,100 kwenda na kurudi, mafuta yakiwa ndani ya bei hiyo, chakula na malazi ya dereva juu ya msafara. Liliondoka mtaa wa Kamalondo saa kumi na moja alfajiri.

Kuhusu gari, jambo la mlango linastahili maelezo marefu kidogo. Coaster nyingi za Katanga zimetoka Japani, usukani uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango unafungukia katikati ya barabara, kunakopita malori. Asiye kiziwi anashuka huku akisikia lori linakuja. Kiziwi anashuka huku uso wake ukiwa kwa rafiki anayeongea naye kwa mikono. Kanuni iliyowekwa tangu siku ya kwanza ya kambi ni hii: hakuna anayeshuka kabla kocha msaidizi hajashuka kwanza, akasimama nyuma ya mlango akitazama barabara, akainua mkono. Ukivuka mpaka, Zambia wanaendesha kushoto, mlango unafungukia ukingoni na hatari inapungua. Lakini huko hatari nyingine inazaliwa: kijana wa Lubumbashi anayetaka kuvuka barabara anatazama kushoto kwanza kama alivyozoea, na magari yanatokea kulia. Zoezi la kutazama kulia lilifanyika kwenye maegesho ya kwanza baada ya mpaka, mmoja mmoja, kabla ya mtu kuruhusiwa kwenda dukani.

Ndani ya basi dereva alikuwa na ishara mbili tu. Taa za ndani zikiwaka na kuzimika mara mbili, kila mtu anakaa na kutazama mbele. Mara tatu, tunafika, kila mtu akusanye mzigo wake.

Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita karibu 90 za lami. Asubuhi ile tulikwenda vizuri mpaka foleni ya malori ya shaba na kobalti ilipoanza, na kuanzia hapo mwendo ukawa wa hatua. Magari ya abiria yanaruhusiwa kupita pembeni, ila lazima mtu ashuke kwenda kuomba njia. Mama mmoja anayeuza mikate na mayai ya kuchemsha kando ya foleni aliona vijana wanaongea kwa mikono dirishani. Akapanda ngazi ya basi, akagawa mayai kumi bila kudai, akasema mtoto wa dada yake naye "ni bubu kama hawa". Mkalimani akamjibu kwa heshima: "Aksanti sana, mama. Hawa si mabubu, ni viziwi, na wanaongea, angalia mikono yao." Mama akatazama, akauliza "mayai" inasemwaje. Akafundishwa. Akashuka akiirudia.

Mpakani shida kubwa ya viziwi ni kuitwa majina. Afisa anachukua pasipoti 23, anagonga mihuri, anatoka mlangoni na kuita jina kwa sauti. Wasiosikia wamekaa pale pale, na foleni inapita. Dawa yake ni ndogo. Kila mchezaji alikuwa na namba yake ya jezi iliyoandikwa kwenye kadi ya shingoni, na orodha aliyopewa afisa ilikuwa na namba hiyo, jina, na picha ndogo. Mkalimani alisimama mgongo kwa dirisha, uso kwa vijana, akiinua vidole vya namba. Wachezaji wote wakapita kwa chini ya dakika arobaini upande wa Kongo.

Upande wa Zambia tulikaa karibu saa nne, na sababu ilikuwa kadi moja ya chanjo iliyoandikwa jina kwa herufi tofauti na pasipoti. Kosa la mwandishi wa kadi, herufi moja tu. Afisa mwanamke wa dawati la afya alikataa, kisha akamwona mchezaji mwenyewe anaeleza kwa mikono, akaanza kutamka herufi za jina lake kwa vidole, polepole, herufi kwa herufi. Mkalimani akamsalimia afisa kwa Kibemba, "ba mayo", yaani mama, na mazungumzo yakabadilika. Afisa akalinganisha tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho kingine, akakubali. Wanaofuata walinganishe kila kadi na pasipoti herufi kwa herufi wiki moja kabla, si usiku wa mwisho.

Gari linalipia mambo yake: ushuru wa barabara, wa kaboni na wa halmashauri. Wekeni dola 100 kando kwa hayo na ombeni risiti ya kila kimoja, kwa sababu polisi wa mbele wanaziomba.

Chililabombwe na Chingola tulizipita bila kusimama. Giza lilituingilia kabla ya Kitwe, na hapo taa ikawa suala. Taa za ndani zikiwaka, kioo cha dereva kinajaa mwangaza na haoni barabara. Zikizimwa, watu 18 hawawezi kuongea, na wanakaa kimya kwa saa mbili bila kujua kinachoendelea. Suluhisho lilikuwa kitambaa cheusi kilichofungwa nyuma ya kiti cha dereva, na taa ndogo za kuchaji zilizoning'inizwa viti vya nyuma. Kitambaa hicho ni cha dola 4. Kiwe cha kwanza kwenye orodha ya vifaa.

Kitwe, karibu na soko la Chisokone, fundi cherehani mmoja ambaye ni kiziwi aliona mikono dirishani basi liliposimama kwenye taa za barabarani. Alilifuata kwa miguu hadi kituo cha mafuta. Ishara zake na za vijana wetu hazikufanana zote, ila zilikutana sehemu nyingi, na hilo lina historia yake. Elimu ya viziwi katika nchi nyingi za Afrika ilipandwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi aliyefungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957 na kuendelea nchi baada ya nchi, Kongo ikiwemo, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwezi Desemba 1987. Ishara za Marekani alizokuja nazo zilichanganyika na za wenyeji kila mahali, zikachukua njia tofauti. Herufi za vidole zilibaki karibu sawa, na herufi zilitosha kuanzia.

Fundi huyo alituongoza kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vya vitanda viwili kwa kwacha 450, kisha kwenye mgahawa wa nshima, ambayo ni bukari yetu ile ile, na ifisashi, mboga zilizopikwa na karanga. Sahani kwacha 60. Alikataa kulipwa hata nauli ya kurudi.

Kuhusu kulala: mgonga mlango hasikiki. Wachezaji walipangwa wawili wawili, ufunguo haukuachwa tunduni kwa ndani, na wa akiba ukakaa kwa kocha. Kuamsha ni simu inayotetemeka chini ya mto. Iwekwe juu ya kitu kigumu, daftari kwa mfano, kwa sababu ndani ya godoro mtetemo unamezwa. Moto ukitokea usiku, king'ora hakitawasaidia. Kila chumba kilijua ni chumba gani kinakuja kukigusa.

Siku ya 2, Alhamisi: Kitwe, Ndola, Kabwe, Lusaka

Kati ya Ndola na Lusaka, zaidi ya kilomita 300, walikuwa wanajenga barabara ya njia mbili, kwa hiyo kulikuwa na michepuo ya vumbi na kusubiri zamu. Tulitumia siku nzima. Kapiri Mposhi, pale reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam inapoishia, tulinunua viazi vitamu na ndizi.

Kizuizi kimoja cha polisi kinafaa kuelezwa. Askari aliamuru watu watatu waliokuwa wameshuka kujinyoosha wasimame. Walikuwa wamempa mgongo, wakaendelea kutembea. Kiziwi asiyetii amri anaonekana mkaidi, na kwa mtu mwenye silaha hilo si dogo. Vesti za rangi ya chungwa zilizoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza na Kifaransa, kwamba mvaaji ni kiziwi, ndizo zilizotuliza jambo. Askari alisoma, akaenda mbele yao wakamwona, akawaonyesha kwa mkono. Vesti zivaliwe kila mtu anaposhuka, hata kwenda kujisaidia.

Siku ya 3, Ijumaa: mkutano wa ufundi

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, kwa Kiingereza na kwa ishara za kimataifa. Njia iliyofanya kazi kwa Kongo ilikuwa ndefu: Kiingereza kikageuzwa kuwa ishara na mkalimani wa wenyeji, nahodha wetu akazisoma moja kwa moja, akamwambia mkalimani wetu kwa ishara za kwetu, yeye akamwambia kocha kwa Kifaransa. Inaonekana kama mzunguko, lakini nahodha kiziwi alishika zaidi kuliko mkalimani mwenye kusikia, kwa sababu viziwi wa nchi mbili wanajua kutafutana katikati. Timu isiyomleta mchezaji kwenye mkutano inajinyima macho yake bora.

Ukaguzi wa audiogramu ulichukua asubuhi. Waandaaji wana haki ya kumpima upya mchezaji yeyote, na walichagua wachache kutoka kila timu. Wetu waliochaguliwa walipita, na kati yao alikuwamo mmoja wa wale wanne waliorudiwa Lubumbashi.

Vifaa vya kusikilizia vilielezwa kwa ukali, na ni haki. Ndani ya eneo la mchezo, tangu kupasha mwili moto hadi filimbi ya mwisho, hakuna kifaa sikioni na hakuna kipande cha nje cha kipandikizi cha ndani ya sikio. Sababu ni usawa: wote wacheze kwenye ukimya mmoja. Michezo ya kimataifa ya viziwi, Deaflympics, ni ya viziwi wenyewe tangu mwanzo. Eugène Rubens-Alcais, Mfaransa kiziwi, aliiandaa ya kwanza Paris mwaka 1924 na wanamichezo 148 kutoka nchi tisa za Ulaya, na ile ya Tokyo ya Novemba 2025 ilifika ikiwa imetimiza miaka mia moja. Vijana walipiga picha ya ubao mmoja uliokuwa na tarehe hizo zaidi ya walivyopiga picha za jiji.

Vifaa vinapotolewa vinahitaji mahali pa kukaa. Kisanduku cha plastiki chenye vyumba, kila chumba na namba ya jezi, na pakiti ya kunyonya unyevu ndani. Jasho ndilo linaloviua. Betri za zinki zina rangi za stika: bluu ni 675 za vifaa vyenye nguvu, chungwa ni 13, kahawia ni 312. Wengi wa wachezaji wetu wanatumia 675, ambazo madukani si rahisi kuzipata, kwa hiyo zinunuliwe kabla ya kuondoka. Ukiondoa stika, subiri dakika moja hewa iingie ndipo uiweke. Ikiwekwa haraka inaanza dhaifu, na mtu anaitupa akidhani ni mbovu.

Siku ya 4, Jumamosi: mechi ya kwanza

Saa nane mchana, jua kali. Sare, bao moja kwa moja.

Kandanda ya viziwi ina sheria zile zile, ila mwamuzi wa kati anashika kibendera pamoja na filimbi. Akipuliza anainua, na wasaidizi wake wanainua vyao, ili popote mchezaji anapotazama aone rangi ikipepea. Kibendera chekundu au cha chungwa kinaonekana kwenye nyasi. Cheupe kinapotea mbele ya jua. Waamuzi wengi wanatoka kwenye kandanda ya kawaida, na baada ya dakika kumi mkono unasahau. Filimbi inalia, kibendera kiko chini, beki anaendelea na kukaba kwake, anagusa mguu, anapewa kadi ya njano kwa kucheza baada ya filimbi. Tulipewa moja ya namna hiyo. Wakati wa mapumziko mkuu wa msafara alimwendea msimamizi wa mechi, sio mwamuzi, na kipindi cha pili vibendera vilipanda kila mara. Jambo hili lisemwe kwenye mkutano wa ufundi na kurudiwa kabla ya mechi.

Kipa hawezi kupiga kelele "yangu!", na hapo ndipo vichwa vinagongana. Kanuni ya timu: mpira wowote wa juu unaoshuka ndani ya kisanduku kidogo, kile cha mbele ya goli, ni wa kipa, beki anaondoka bila kutazama kama kipa anakuja. Nje ya hapo ni wa beki, kipa anabaki. Hakuna mazungumzo, kwa hiyo hakuna mpira wa nusu kwa nusu. Mstari wa kuotea unaongozwa na beki mmoja wa kati, wa kushoto. Wenzake watatu wanamtazama yeye, na anapopanda wanapanda. Ilifanya kazi mpaka alipoumia kifundo cha mguu. Dakika tano zilizofuata mstari ulikatika vipande viwili kwa sababu aliyeingia hakutangazwa kuwa ndiye wa kutazamwa, na bao la kusawazisha likaja hapo. Mbadala wake awekwe tangu mazoezini, na akiingia avae kitambaa cha mkononi chenye rangi tofauti.

Kocha anapata nafasi ya kusema mpira unapotoka tu. Ishara za kawaida karibu na uso hazisomeki ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo tulitumia mikono mizima: miwili juu ni kubana mbele, mmoja ukilazwa kifuani ni kurudi nyuma, mzunguko mkubwa ni kubadili upande. Kila mpira wa kurusha, mchezaji aliye karibu na benchi anatazama kwanza, anapokea, anampa nahodha. Ni sekunde sita hivi kama wamezoea. Bila mazoea mpira unarudi ndani kabla ujumbe haujafika katikati.

Siku ya 5, Jumapili: mapumziko

Ibada, kufua jezi, barafu kwenye kifundo cha mguu. Kwenye uwanja wa jirani palikuwa na mazoezi ya riadha ya viziwi, na vijana wawili wanaokimbia mita 100 nyumbani waliziona taa za kuanzia kwa mara ya kwanza: nyekundu kwenye nafasi, njano tayari, kijani kimbia. Taa iko chini mbele ya kila njia, mkimbiaji anaiona bila kuinua kichwa.

Siku ya 6, Jumatatu: mechi ya pili, chini ya taa

Mechi ilisogezwa hadi saa moja usiku. Taa za upande mmoja zilikuwa dhaifu, na hapo liliibuka jambo ambalo makocha wenye kusikia hawalifikirii. Sikio la ndani linashika usikivu na pia usawa wa mwili. Wengi walioziwika kwa homa ya uti wa mgongo utotoni walipoteza vyote viwili, na wanasimama wima kwa msaada wa macho. Mchana hutajua. Kwenye mwanga hafifu na nyasi zenye mashimo, winga wetu wa kulia, kijana mwenye kasi kuliko wote, alianguka mara kadhaa bila kuguswa. Kocha alimhamisha upande wa pili wenye mwanga, na kijana akasimama imara. Tulishinda kwa mabao mawili, yote kutoka upande huo.

Anayechagua kikosi aulize kila mchezaji aliziwikaje na lini, na amjaribu kutembea kwenye mstari akiwa amefumba macho. Anayeyumba sana asipangwe upande wenye giza, na ombi la kucheza mchana liandikwe mapema.

Umeme ulikatika hotelini kocha akiwa katikati ya maelezo. Taa ndogo za kuchaji za basini zilipandishwa ukumbini kwa dakika mbili na kikao kikaendelea. Mpishi wa hoteli, baba mtu mzima, alileta mishumaa yake yote na kuipanga mezani mbele ya kocha ili mikono ionekane, akabaki pale akiishika miwili.

Siku ya 7, Jumanne: mechi ya tatu

Tulifungwa bao moja bila, kwa kona, na hatukuvuka kundi. Kipa na beki walifuata kanuni ya kisanduku barabara. Mpira ulitua nje yake na mpinzani aliruka juu zaidi.

Siku ya 8 na 9: kurudi

Tulilala tena Kitwe kwenye nyumba ile ile. Fundi cherehani alikuja na viziwi wenzake saba na dumu la munkoyo, kinywaji cha mahindi, akazishona kwa cherehani jezi tatu zilizochanika. Safari hii walikubali chakula.

Kasumbalesa tulifika mapema na tukavuka kwa chini ya saa mbili. Kadi za chanjo ziliangaliwa tena upande wa Kongo, na orodha ya forodha ikalinganishwa na mizigo: mipira 10, jezi seti mbili, vibendera sita. Seti ya jezi tuliyopewa zawadi na wenyeji haikuwa kwenye orodha, ila barua yao yenye muhuri ilitosha. Ombeni barua ya namna hiyo kwa kila zawadi.

Gharama nzima, bila pasipoti, ilikuwa karibu dola 5,200 kwa watu 23. Vyumba na chakula vilichukua zaidi ya nusu. Deni lililobaki kwa mwenye basi lililipwa wiki hiyo hiyo. Kinachofuata ni kupima masikio ya wachezaji wapya wa mitaa ya Katuba na Ruashi kabla mvua hazijaanza, asubuhi mapema, jenereta zikiwa hazijawashwa.